Kaza Moyo

Mimi ndiye niliyekuwa na filimbi.
Naanza na hilo, maana kila anayesimulia
huanza na jua, na mchanga, na mzunguko wa tatu,
kana kwamba filimbi ilijipuliza.

Mihayo alisema, Mwalimu, kifua.
Neno moja, na mkono juu yake
kama mtu anayetafuta kalamu mfukoni.
Nikamjibu kwa maneno niliyojibiwa na mimi
uwanja huuhuu, nyuma ya reli, nikiwa na miaka kumi na sita:
Kaza moyo.

Akaukaza.

Alianguka karibu na goli la kaskazini
bila kujikinga kwa mikono.
Treni ya bara ilikuwa inaingia stesheni, inapiga honi,
na sisi tukadhani ni mzaha,
kwa sekunde ngapi sijui;
saa ilikuwa mkononi mwangu, inaendelea kuhesabu.

Msibani Isevya walisema karogwa.
Baba yake mdogo alimtaja mtu kwa jina.
Mama yake hakumtaja mtu, aliuliza tu
kama mwanawe alikuwa amekunywa uji.
Nasi tukasimama, mmoja mmoja, tukamsifu
kwa kipaza sauti cha kukodi:
kijana huyu alikuwa na moyo mkubwa.
Hatukujua kwamba tunasoma cheti cha daktari.

Mwaka wa pili, maabara ya kemia ikageuka chumba cha mioyo.
Ntakije, fundi wa mashine, alitoka Kasulu na basi,
kikasha amekipakata njia nzima kama trei la mayai.
Sista Nyamizi akabandika nyaya vifuani,
wavulana wakacheka, gundi ya baridi.
Kwenu kuna aliyefariki ghafla, bado kijana?
Aliuliza bila kuinua kichwa, kalamu tayari,
na ndugu wakaanza kufufuka:
mjomba aliyezama bwawani Igombe, naye fundi wa kuogelea;
shangazi wa Urambo, aliyeinama kuchochea moto
kwenye bani la tumbaku
na hakuinuka.
Kumbe tulikuwa nao wote, tumewazika
kila mmoja na sababu yake.

Karatasi ikatoka, ya waridi, ya miraba,
vilima juu yake vinafuatana kama watoto wa chekechea.
Mia na kumi na wawili, vilima vilevile.
Wa mia na kumi na tatu ni Kalunde,
yule anayewaacha wavulana mita mia nane.
Ntakije akaitazama karatasi. Akaisogeza dirishani.
Akasema, lala tena, binti, tupime tena.

Aende Kitete, wakamwone kwa picha.
Na mashindano?
Kwanza asikimbie.

Kalunde hakumtazama fundi. Alinitazama mimi.
Mmenipima ili mninyang'anye.
Nilikuwa na methali mbili mdomoni, nzuri tu,
za kinga na tiba. Nikazimeza.
Nikamwambia, kasirika.
Kasirika ukiwa umekaa.

Jioni, nyaya zikikunjwa, nilimuuliza Ntakije
kama mashine ingemwona Mihayo.
Nilitaka ndiyo, nijilaumu vizuri,
au hapana, nilale.
Alifunga kikasha. Pengine, akasema. Haiwaoni wote.
Nikaenda nayo nyumbani hiyo pengine,
kwa miguu, nikiburuza baiskeli isiyo na pancha.

Siku hizi filimbi bado ninayo.
Kalunde anakuja uwanjani na dawa zake kwenye kopo la peremende,
hasemi nami sana.
Nimewafundisha amri moja mpya, na wao ndio wa kuitoa:
atakayesema kifua, uwanja wote unakaa chini,
na mimi pamoja nao.

Juzi Shija aliisema, mzunguko wa nne,
meno nje, jua linachoma.
Alikuwa anadanganya, nadhani.
Tulikaa.
Nilimshika kiganja, mchanga unaunguza mapaja,
nikahesabu hadi dakika ikaisha,
nikahesabu na nyingine.